Nafasi moja, wateja ishirini: mbinu za kupaki Mapendo

Mapendo, hapa kwetu Goma, imebanana. Upande mmoja kuna Birere na maduka yake, upande mwingine mpaka wa Rwanda na petite barrière, na katikati depo, nyumba za mbao, watu, pikipiki tunazoziita moto, na chukudu za kubebea mzigo. Ardhi haiongezeki pale. Lakini parking iliyopo ni kubwa kuliko unavyodhani saa tano asubuhi, kila mtu anapopiga honi.

Fanya hesabu hii. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 11. Gari moja likikaa mbele yake kutwa, nafasi ile imehudumia mtu mmoja. Kila gari likikaa nusu saa, nafasi hiyohiyo inahudumia magari 22. Mita ni zilezile, jiwe ni lilelile. Kwa hiyo parking ya mjini ihesabu kwa saa. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa haraka.

Nakuandikia wewe dereva, wewe mwenye duka, na wewe ambaye avenue yako imekutuma uzungumze na wakubwa. Chukua linalokuhusu.

Jua kwanza ni ya nani

Parking za serikali kwetu ni za aina tatu. Ya kwanza ni ukingo wa barabara. Barabara ni mali ya umma, hata kile kipande kilicho mbele ya duka lako. Ya pili ni parking za taxi-bus na moto, pale wanapopakia na kushusha abiria na mtoza kodi anapita na jeton zake. Ya tatu ndiyo husahauliwa: nyua za ofisi za umma na shule za serikali. Hizo hujaa asubuhi, kisha jioni na mwisho wa juma hubaki na mlinzi peke yake.

Ukiwa na gari lako binafsi, kaa mbali na ile ya pili. Ukisimama kwenye parking ya taxi-bus "dakika mbili tu", taxi-bus itashusha watu katikati ya njia, moto zitaipita kwa kushoto na kulia, na foleni nzima itakuwa imeanzia kwako.

Mtaa usioujua, uliza kabla ya kuzima gari. Nyumbakumi na chef d'avenue wanajua wapi panaruhusiwa, wapi malori ya Fuso hushusha mzigo, na wapi polisi wa barabarani, roulage, hawamcheleweshi mtu. Mwulize kwa heshima yake: "Papa, naomba kuacha gari hapa saa moja, sitamziba mtu?" Swali hilo litakuokolea muda, na mara nyingi litakupatia jicho la kulilinda gari.

Panga kazi zako kabla ya kuwasha gari

Andika kwenye karatasi mambo unayokwenda kufanya. Kisha yapange kwa miguu. Watu wengi hupaki mara tatu kwa kazi tatu zilizo ndani ya mwendo wa dakika kumi. Paki mara moja, tembea, maliza yote, rudi. Umeacha nafasi mbili kwa wengine na umejiepushia kuzunguka mara mbili.

Kama unakuja kununua kwa jumla, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Kama unafuata kitu kimoja, usije saa ambayo magari ya mzigo yanashusha. Mwenye duka anaijua saa hiyo. Mpigie simu umwulize, na umwambie akuwekee bidhaa yako tayari kwenye kaunta. Mteja aliyepiga simu hukaa dakika tano. Asiyepiga hukaa dakika arobaini akingojea mtoto aende depo na kurudi.

Jumamosi asubuhi usije kununua. Ni salongo, kazi ya usafi ya wote, na maduka hayajafunguliwa. Lakini kwa kazi nyingine nitakayokueleza mbele, hiyo ndiyo saa bora ya juma.

Acha gari pembeni, mzigo upande chukudu

Hili ndilo linalobadilisha mengi, kwa hiyo lizingatie. Ukijua utakaa zaidi ya saa moja, usiingie na gari ndani kabisa. Liache upande wa quartier Les Volcans au kando ya barabara pana, pale panaporuhusiwa, kisha ingia Mapendo kwa miguu au kwa moto. Utafika haraka kuliko yule aliyebaki nyuma ya Fuso.

Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaishi hivyo. Vichochoro vyao ni vyembamba, gari halipiti kwenye vingi, na mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo hakuna wa kuja kubomoa nyumba ili kupanua njia. Gari huachwa nje, mtu huingia kwa miguu, mzigo huingia kwa mkokoteni. Biashara haijafa.

Sisi tuna kilicho bora kuliko mkokoteni. Chukudu hubeba magunia ambayo yangeivunja springi ya gari lako dogo, na hupita pale gari lisipopita. Mji wetu umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, na si bure. Patana bei kabla mzigo haujapakiwa. Mwonyeshe mwenye chukudu gari lako liko wapi hasa, si "kule juu". Tuma mtu mmoja atembee na mzigo. Na ukifika, mlipe palepale, kwa sababu yeye naye anawahi mzigo mwingine.

Namna ya kupaki, kwa kina

Magari mengi ya hapa yametoka Japani yakapitia Mombasa au Dar es Salaam. Usukani uko kulia. Kongo tunaendesha upande wa kulia. Ukipaki ubavu na ukingo wa barabara, wewe dereva unashukia upande wa duka, salama kabisa. Abiria wako wa mbele ndiye anayefungua mlango kwenye njia ya moto. Mmotari anayekuja kwa mbio hana pa kukwepea.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie abiria asishike kitasa mpaka umwambie. Ukiwa na watoto nyuma, funga kile kifungo kidogo kilicho ubavuni mwa mlango wa nyuma wa kushoto, kinachozuia mlango kufunguliwa kutoka ndani. Wote watoke kwa mlango wa kulia. Ukiwa umembeba mama mzee, simama mahali palipo wazi umshushe kwanza, halafu ndipo utafute nafasi.

Kutoka ni kugumu zaidi. Umekaa upande wa ukuta, huoni vizuri kinachokuja nyuma upande wa kushoto. Kabla ya kuondoka, geuza kioo cha kushoto kielekee nje kidogo. Washa indiketa, hesabu mpaka tano, kisha toa pua polepole. Ukiwa na mtu, ashuke akuelekeze, lakini asimame ukingoni ambako moto hazimfikii. Asisimame katikati ya njia akipunga mikono.

Pale panapopakiwa kwa kuelekeza magari ukutani, ingia kinyumenyume. Wakati wa kuingia unaona nafasi ni tupu. Wakati wa kutoka pua inatangulia, na unawaona wapita njia, watoto na moto. Anayeingia kwa pua hulazimika kutoka kinyumenyume akiwa haoni, tena kwenye umati.

Usiache nusu mita mbele na mita moja nyuma. Sogea mpaka nafasi yako iwe ya gari moja kweli. Gari dogo linatosha kwenye mita tano. Magari matatu yaliyopakiwa kizembe hula nafasi ya manne.

Na tazama unachokanyaga. Lava ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na mji ukajengwa tena juu yake. Jiwe lile lina makali. Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ni nene, ubavu wake ni mwembamba. Ukipanda ukingo kwa mshazari, jiwe hukata ubavu, na tairi lililokatwa ubavu haliungwi. Kama ni lazima kupanda, panda moja kwa moja, polepole, gurudumu moja baada ya jingine. Au usipande kabisa.

Vibao vya saruji vinavyofunika mtaro usivipakie juu. Vimetengenezwa kwa ajili ya miguu ya watu. Kimoja kikivunjika, mtaro unaziba kwa takataka, na mvua ya kwanza ya Septemba inaingia kwenye maduka ya upande ule wote.

Wamotari, hapa ni kwenu

Moto sita zinaenea kwenye nafasi ya gari moja, zikipangwa kwa mshazari, magurudumu ya mbele yakielekea upande mmoja. Zikipangwa kila mtu anavyotaka, haziingii hata tatu. Chagueni mmoja wenu kwa zamu awe mpangaji wa parking kwa siku. Anayetaka abiria asogee mbele, anayengojea abaki nyuma. Abiria achukuliwe sehemu moja, si kila mmotari amkimbilie katikati ya barabara.

Acheni mita moja na nusu ya kupita kati ya mstari wenu na ukuta. Njia hiyo ni ya akina mama wenye mizigo kichwani na ya watu wenye ulemavu wanaofanya biashara ya mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mmewaona petite barrière: mmoja ameketi anazungusha pedali kwa mikono, wengine wanasukuma nyuma, mzigo umefika juu. Baiskeli ile hairudi nyuma kirahisi na haipandi ukingo. Moto moja iliyowekwa vibaya inamtoa mtu huyo mpaka katikati ya magari.

Njia ya kizima-moto haipakiwi

Ukishika jambo moja tu katika haya yote, shika hili. Nyumba za Mapendo na Birere nyingi ni za mbao, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na unajua moto unavyokimbia zikishika. Tumeshaona mitaa mizima ikigeuka majivu. Gari la kizima-moto linahitaji mita tatu na nusu ya njia iliyo wazi, na kwenye kona zaidi ya hapo ili liweze kugeuka.

Pima kwa hatua. Hatua nne ndefu za mtu mzima zinatosha. Kama ukipaki hazibaki hatua nne kati ya gari lako na kilicho upande wa pili, hapo si pa kupaki, hata kama jirani yako amepaki. Kwenye kona usipaki kabisa, wala kwenye mdomo wa kichochoro. Na ukiacha gari mtaani usiku, mwachie mlinzi namba yako ya simu, simu ikiwa na chaji.

Kulipa bila kulipa mara mbili

Ukitozwa ushuru wa parking, usiulize bei kwanza. Omba kuona kitansi. Kitansi kamili kina jina la huduma inayotoza, muhuri, namba, tarehe na kiasi. Hakikisha plaki yako imeandikwa, ukipige picha palepale, ukiweke kwenye kioo cha mbele. Mtoza mwingine akija mchana huo, mwonyeshe. Huna haja ya kubishana wala kupaza sauti.

Tangu mwisho wa Januari 2025, kundi la AFC/M23 lilipoushika mji na banki zikafunga milango, pesa taslimu zimekuwa ngumu kupatikana. Weka faranga za noti ndogo kwenye gari, mbali na pesa yako kubwa. Ukimpa mtoza dola tano akose chenji, utasimama pale dakika ishirini ukiziba nafasi. Kama anapokea kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo.

Tanzania wamelirahisisha hili. Mtoza ushuru huingiza namba ya gari kwenye mashine, deni hupata namba ya malipo, na dereva hulipa kwa simu pesa ikienda moja kwa moja serikalini. Hakuna noti inayopita mkononi mwa mtu barabarani. Kwetu bado, lakini kitansi chenye plaki na picha yake kinakupa nusu ya ulinzi huo leo.

Kijana anayekulindia gari ni jambo jingine. Huyo hatozi kodi, anafanya kazi. Patana naye mapema na umlipe ukirudi.

Wewe mwenye duka

Naanza na gari lako. Liondoe mlangoni. Najua unapenda kuliona, na najua unaogopa wezi wa vioo. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya saa 11. Nafasi iliyo mbele ya duka lako ndiyo ya wateja wako, na wewe ndiye unayeifunga kuanzia asubuhi. Liweke kwenye ua wa jirani, lilipie, liwe salama. Mteja mmoja au wawili wa ziada watailipa gharama hiyo. Wafanyakazi wako vivyo hivyo: moto zao ziende nyuma.

Toa matairi, mawe na bidon ulizopanga kushikilia nafasi. Kipande kile ni cha umma. Ukikizuia wewe, jirani naye anazuia chake, na mteja akipita hapati pa kusimama mtaa mzima, anakwenda kununua kwingine.

Mzigo ushushwe kwa saa. Keti na wenzako wa mtaa mkubaliane: Fuso zishushe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Mwambie msambazaji wako kwa simu siku moja kabla. Awe na wabebaji tayari, kwa sababu lori linalongojea wabebaji ni lori lililopaki. Likija saa sita mchana bila taarifa, patana na wenye chukudu walete mzigo kutoka barabara pana.

Bandika karatasi mlangoni: "Mteja, una dakika 30. Tutakuhudumia haraka." Na kweli mhudumie haraka. Huwezi kumwomba mtu aondoke upesi huku ukimwacha akisubiri chenji.

Mkitaka mtaa wote ubadilike

Hapa ndipo inapohitajika kamati, na kamati ianze kwa kuhesabu. Bila hesabu mtabishana tu, kila mmoja akisema wanaojaza ni wageni.

Kabla ya yote, mwarifuni chef wa quartier na nyumbakumi. Mtu anayeandika plaki za magari mtaani bila taarifa, katika mji kama wetu wa sasa, atashukiwa, tena kwa haki. Nendeni wawili, mchana, na barua ya chef mkononi.

Chagueni siku tatu, mfano Jumanne, Ijumaa na Jumamosi mchana. Piteni kwenye mtaa uleule saa tatu, saa sita na saa tisa. Jumamosi anzeni saa sita. Andikeni namba ya nafasi na tarakimu za mwanzo za plaki, basi. Msiandike majina. Gari linaloonekana kwenye kila mzunguko wa siku ni gari la kutwa. Hesabuni ni mangapi, kisha chaneni karatasi zile. Msishangae mkigundua mengi ya kutwa ni ya wenye maduka wenyewe. Ndiyo sababu dawa iko mikononi mwenu.

Profesa mmoja wa Marekani, Donald Shoup, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, akaandika kitabu kikubwa mwaka 2005. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka: mtaa umepangwa vizuri pale ambapo, katika nafasi saba au nane, moja huwa wazi wakati wote. Zikijaa zote, watu wanazunguka. Zikibaki tupu nyingi, mmekaza mno. Lengeni hapo.

Kisha choreni mistari. Rangi ya barabarani ni ghali na vumbi huila. Tumieni tulicho nacho: mawe ya lava yaliyopakwa chokaa, yamezikwa nusu, kila baada ya mita tano. Usiku taa za gari zinayaonyesha, mvua haiyaondoi, na kupaka upya ni ndoo moja ya chokaa. Kazi hii ifanyeni wakati wa salongo, Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa tupu na watu wote wapo. Ila pateni ruhusa ya commune kwanza, kwa sababu jiwe barabarani bila idhini ni kizuizi.

Katika kila nafasi kumi, moja iwe ya kushusha mzigo, moja iwe ya mtu mwenye ulemavu, karibu na pale ukingo ulipo chini. Nafasi moja nyingine wapeni wamotari. Mtapoteza gari moja, mtapata moto sita.

Halafu ile parking ya tatu, nyua za serikali. Hapo ndipo penye mali iliyolala. Ofisi ikifungwa alasiri, ua wake una nafasi za bure mpaka usiku, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Miji na commune, kwa sheria ya 2008 ya utawala wa maeneo, zina mamlaka yao na mapato yao. Kwa hiyo yupo mtu wa kumwandikia na ana uwezo wa kujibu.

Andikeni barua kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, kwa bourgmestre wa commune ya Goma. Nakala kwa maire na kwa chef wa quartier Mapendo. Kama ua ni wa ofisi fulani, nakala kwa mkuu wake, na mwoneni yeye kwanza kabla barua haijafika, asisikie habari za ua wake kutoka kwa mkubwa wake. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo.

Msiombe "msaada wa parking". Ombeni kitu kinachojibika kwa ndiyo au hapana: ua huu, saa hizi, kwa miezi mitatu ya majaribio. Ambatanisheni mchoro wa mkono na ile hesabu yenu ya siku tatu. Elezeni nani atalinda, nani atafagia, nani atalipa kikivunjika kitu. Elezeni magari ya ofisi yatakavyoachiwa nafasi zao saa zote, na kwamba saa moja kabla ya ofisi kufunguliwa ua utakuwa mtupu.

Kuhusu pesa, pendekezeni tangu mwanzo sehemu irudi mtaani. Pasadena, mji wa California, walipoweka mita za parking katikati ya mji mwaka 1993, wafanyabiashara walikataa mpaka walipoambiwa mapato yatatengeneza mitaa ileile: njia za miguu, taa, usafi. Wakakubali. Nanyi ombeni hivyo kwa maandishi: asilimia fulani kwa commune, asilimia fulani kwa mlinzi, taa ya sola na mtaro wa avenue. Daftari la mapato libandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, mtu yeyote alisome.

Mkikubaliwa, msifungue siku yenye umati. Fungueni Jumapili tulivu, na magari machache ya watu mnaowajua. Mwoneni anayeingia anageukia wapi, lango linatosha, jirani halalamiki. Rekebisheni. Juma linalofuata ongezeni.

Na mshughulikie ufunguo wa lango kwa uzito wake, kwa sababu mipango kama hii hufia hapo. Madereva wakilikuta lango limefungwa Jumamosi mbili mfululizo, watarudi barabarani na hamtawarudisha. Ufunguo uwe na nakala mbili, mmoja kwa mlinzi, mmoja kwa mtu anayelala kwenye avenue ileile na asiyesafiri. Namba za simu zao zote mbili ziandikwe kwa rangi kwenye lango, kwa maandishi makubwa ya kusomeka kutoka ndani ya gari.